Kadi ya Shukrani

Bwana Kálmán,
nimeyapokea maua mliyotuma kutoka karakana ya tramu,
mayungiyungi kumi na mawili, meupe,
na utepe wenye majina ya madereva wote,
hata yule aliyekuwa akigombania zamu na Dezső.
Niliyaweka mezani kando ya picha yake.
Nyumba ikanukia kanisa.

Hukujua. Nami sikujua.
Miaka arobaini na mmoja hapa Szeged
sumu kwangu ilikuwa ile ya panya, yenye fuvu kwenye kopo,
au maji ya kijani ya rejeta,
au vidonge vya presha alivyoviangusha Dezső chini ya kochi
nami nikapiga magoti kuviokota, kimoja kimoja,
kwa ajili ya paka.
Ndiyo, kwa ajili ya paka.
Kabati la chini nililifunga kwa kamba.
Hata chokoleti ya Pasaka niliificha juu ya friji.
Rambirambi nani huzifungia kabatini?

Anaitwa Bors, yaani pilipili manga.
Alikuwa paka wa Dezső; mimi alinivumilia tu.
Usiku wa tatu baada ya mazishi nilimkuta juu ya meza,
pua imepakwa manjano,
chavua mgongoni kama aliyetoka kusaga bizari,
jani moja limetafunwa,
maji ya chombo yamepungua kina cha kidole.
Nikacheka.
Sikuwa nimecheka tangu Januari.
Nikamwacha ajilambe.

Saa saba usiku alitapika.
Saa nane akatapika tena, akaingia chini ya kitanda,
upande wa Dezső.

Mkono mmoja ulishika pakiti ya maziwa
(mama yangu kila sumu aliitibu kwa maziwa),
wa pili, nashukuru, ulishika simu.
"Usimpe maziwa," alisema daktari Boglárka,
sauti bado ina usingizi,
"wala chumvi, wala usimtie kidole kooni. Amekula nini?"
Nikasema, maua.
"Maua gani?"
Nikasema, ya msiba.
Akanyamaza kidogo, kisha usingizi ukamtoka:
"Yana petali sita? Chavua ya rangi ya machungwa?
Mfute manyoya kwa kitambaa kibichi,
mviringishe kwenye taulo asijilambe tena,
na ua moja litie mfukoni nilione.
Njoo sasa. Figo za paka hazisubiri kupambazuke."

Siku tatu Bors alilala kwenye dripu,
mguu umenyolewa, mwembamba kama njiti.
Nilikaa kwenye kiti cha plastiki na koti langu la mazishi;
sikuwa nimekumbuka kuchukua jingine.
Kwa Dezső, Bwana Kálmán, nilifika nimechelewa dakika ishirini.
Nesi alikuwa ameshafungua dirisha.
Hapa nilikuwa nikifika kabla mlango haujafunguliwa,
nikisimama kwenye theluji na wenye mbwa wao,
tukiulizana mbwa wa nani kala nini:
zabibu kavu, bazoka isiyo na sukari, dawa ya konokono.
Hakuna aliyemcheka mwenzake.

Tulikuwa tukisubiri jambo moja tu, akojoe.
Siku ya tatu, alasiri, alilowesha taulo lote,
nami nikalia,
mimi ambaye makaburini mlinisifu kwa kujikaza.

Sasa amerudi. Anakunywa maji kuliko zamani,
na kila mwezi wanampima damu.
Analala kwenye kiti cha Dezső.
Jana alinipanda mapajani, akashuka upesi,
kama aliyekosea nyumba.

Haya yote hayaenei kwenye kadi.
Kadi ni ndogo, tena ina picha ya mshumaa.
Kwa hiyo nimeandika: Asante kwa maua, yalikuwa mazuri.
Na nyuma, kwa herufi za kubana:
Zamu yangu ikifika, leteni waridi.
Bors huenda akawa bado yuko nyumbani.